Sura ya Sita: Pembetatu na Kigezo Chake

Kila fundi cherehani wa Nakapanya ana mfuko wa vipande. Ni kiroba cha salfeti kilichosukumwa chini ya meza ya kukatia, na humo ndimo kinamoishia kila kilichobaki baada ya gauni, suruali au sare ya shule kukatwa. Kikijaa, vipande vinachomwa pamoja na takataka, au vinakwenda kujazia mito. Sura hii inahusu kiroba hicho. Nataka msomaji aimalize akiwa anajua kukigeuza kuwa blanketi la viraka la pembetatu, lenye ncha zinazokutana sawasawa, litakalotandikwa kitandani miaka mingi na kupewa mtoto kama urithi.

Nakapanya ipo wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, kwenye barabara kuu inayotoka Songea kwenda Masasi. Ni nchi ya korosho. Fedha za korosho zikiingia kuanzia Oktoba, mafundi hawalali: kila nyumba inashona. Inapofika Januari zinafuata sare za shule. Katikati ya mwaka, baada ya mavuno, zinakuja sherehe za jando na unyago za Wayao na Wamakua, ambapo ukoo mzima huvaa kitenge kimoja. Hizi sare za sherehe ndizo hazina kuu ya mshona viraka, kwa sababu zinaacha mabaki mengi ya kitambaa cha aina moja. Vipande viwili vya kitenge kizuri havitoshi kujenga mchoro. Vipande 30 vinatosha.

Ukikimwaga kiroba hicho sakafuni utaona jambo ambalo vitabu vingi vya kushona havilisemi. Vipande vingi si mraba. Fundi anapokata shingo, kwapa, mkono wa gauni au sketi ya pande sita, kinachobaki pembeni ni kabari: upande mmoja mpana, mwingine umechongoka. Ukilazimisha kutoa mraba ndani ya kabari unapoteza nusu ya kitambaa. Pembetatu inakaa humo bila kubembelezwa. Ndiyo maana nimeipa sura yake, mbele ya umbo lingine lolote.

Wapo watakaosema sanaa ya mabaki ni sanaa ya shida. Nawajibu kwa jina la mwana wa Nakapanya mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji ambacho leo ni Nakapanya, akaondoka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za dukani za wasanii. Alichora juu ya vipande vya hadibodi, aghalabu mraba wa kama sentimita 60 kwa 60, kwa rangi zinazopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo wake hadi leo unabeba jina lake duniani kote. Vifaa vilikuwa vya bei ndogo, lakini mnyama aliyemchora alikaa katikati ya mraba wake kwa mpango, hakutupwa popote. Viraka navyo vinahitaji mpango wa namna hiyo. Kitambaa kinaweza kuwa cha bure, lakini kipimo lazima kiwe cha kweli.

Pembetatu ina mitego miwili ambayo mraba hauna, na anayeanza bila kuijua huikimbia kazi siku ya kwanza.

Mtego wa kwanza ni mshazari, ambao mafundi wengi huuita krosi. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na nyuzi za mshindio zinazokwenda kwa upana. Ukikivuta kufuata uzi hakivutiki. Ukikivuta kwa mshazari kinarefuka mkononi na hakirudi kilivyokuwa. Mraba unaweza kukatwa pande zake zote nne zikafuata uzi. Pembetatu ya pande tatu sawa haiwezi: upande mmoja, tuuite kitako, utafuata uzi, na pande mbili zilizobaki zitakwenda kwa mshazari. Kwa hiyo pembetatu ikishakatwa haivutwi, hainyooshwi kwa kidole, na haisuguliwi kwa pasi. Pasi inawekwa juu yake, inabonyezwa, inainuliwa. Fundi aliyezoea kuburuza pasi ya mkaa juu ya suruali lazima aubadilishe mkono wake hapa.

Mtego wa pili ni ncha. Pembe ya nyuzi 60 ni nyembamba, na cherehani ya kukanyaga hupenda kuimeza kwenye tundu la sindano. Uzi unafanya fundo chini, ncha inachanika, na kipande kilichokatwa kwa dakika tano kinakwenda kutupwa. Mahali ambapo ncha sita zinakutana, pasipokatwa vizuri, panatokea uvimbe mgumu unaosikika mkono ukipita.

Kigezo cha pembetatu kiliundwa kutatua mambo haya. Nchi za nje kinauzwa kama rula ya plastiki angavu yenye mistari, na watu hukitumia pamoja na kisu cha gurudumu. Kisu hicho kiliingia duniani mwaka 1979 kutoka kampuni ya Kijapani ya Olfa. Kabla ya mwaka huo mablanketi ya pembetatu yalishonwa vizazi na vizazi kwa kigezo cha kadibodi au bati, penseli na mkasi. Hakuna sababu ya mtu wa Nakapanya kusubiri mzigo kutoka ng'ambo. Nenda duka la vifaa vya shule na ofisi, ununue karatasi moja ya plastiki angavu, ile inayowekwa juu ya ripoti inapobaniwa. Tafuta mkebe wa hisabati wa mwanafunzi, wenye rula na bikari. Vinatosha.

Chora mstari wa inchi 5 na nusu. Fungua bikari kwa urefu huohuo, usiubadilishe tena. Simamisha sindano ya bikari mwanzo wa mstari uchore tao juu, kisha isimamishe mwisho wa mstari uchore tao la pili. Matao yanapokatana ndipo kilele kilipo. Unganisha kilele na ncha mbili za mstari na una pembetatu ya pande tatu sawa, bila kupima pembe hata moja. Kimo chake kutoka kitako hadi kilele kitakuwa inchi 4 na robo tatu. Sasa shuka robo inchi kutoka kileleni, piga mstari sambamba na kitako, na ukate kilele hicho. Kigezo chako kina kimo cha inchi 4 na nusu na ncha butu juu. Mwisho, chora ndani yake mstari wa robo inchi kuzunguka pande zote tatu. Hiyo ndiyo njia ya mshono, na kwa kuwa plastiki ni angavu utaona ua lipi la kitenge litabaki na lipi litaliwa na mshono.

Ncha butu ndiyo siri ya chombo chote, na nataka tukae hapo kidogo.

Pembetatu ikimalizika kushonwa itakuwa na kimo cha inchi 4. Kwa pembetatu iliyochongoka kamili, ungehitaji ukanda wa kitambaa wenye upana wa inchi 4 na robo tatu, kwa sababu pembe nyembamba hula kitambaa kingi kuliko tunavyodhani: robo inchi ya mshono kwa kila upande inageuka nusu inchi kileleni. Ukiikata ile ncha ambayo ingefichwa ndani ya mshono, ukanda wa inchi 4 na nusu unatosha. Kumbuka hesabu hii kwa ukubwa wowote: kimo unachotaka, ongeza nusu inchi, ndio upana wa ukanda.

Faida ya pili inaonekana wakati wa kuunganisha. Chukua pembetatu mbili, moja ikiwa imesimama na nyingine imepinduliwa, uzilaze uso kwa uso kwenye upande zinaoushiriki. Ncha butu ya moja itakuwa juu ya pembe kali ya nyingine. Sikio dogo la kitambaa litajitokeza mwisho huu na jingine mwisho ule. Yakiwa sawa kwa ukubwa, vipande vimekaa. Sasa angalia kwa karibu: ukingo wa ncha butu na ukingo wa pembe kali zinakatana na kufanya umbo la V. Chini ya V hiyo ni robo inchi kamili kutoka ukingoni. Hapo ndipo sindano inaposhuka, na kwenye V ya upande wa pili ndipo inapotokea. Kitambaa chenyewe kinakuonyesha mshono upite wapi. Nimeona mafundi wenye uzoefu wa miaka wakinyamaza wakitazama jambo hili, kwa sababu kazi waliyokuwa wakiifanya kwa kubahatisha imepata kanuni.

Kabla ya kukata, chagua kitambaa. Kiroba kina pamba na kina polista, na vitu hivi viwili havikai pamoja kwa amani: pamba inanywea ikifuliwa, polista inabaki ilivyo, na pasi ya moto unaoinyoosha pamba inayeyusha polista. Chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Sare za shule nyingi zina mchanganyiko, kwa hiyo ziwekee kiroba chake. Kitenge cha pamba kioshe kwanza kwa maji ya moto, kiachie gundi na kunywea kwake kote, ukianike kivulini kisha ukipige pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kitenge chekundu au cha buluu iliyokolea kioshe peke yake mpaka maji yatoke safi, maana rangi ikivuja baadaye itaharibu kazi ya miezi.

Khanga ni rafiki mgumu. Mji wake una maua makubwa yanayopendeza ndani ya pembetatu, lakini maandishi yake yakikatwa yanapoteza maana, na safu ya pembetatu hupindua kila kipande cha pili kichwa chini. Ushauri wangu ni kutumia mji kwa pembetatu na kuliacha pindo lizunguke blanketi zima kama mpaka. Jina la khanga liachwe zima, lishonwe nyuma.

Ukiwa na kipande kikubwa, kata ukanda wa inchi 4 na nusu kufuata uzi. Weka kitako cha kigezo kwenye ukingo wa chini, chora kwa chaki iliyochongwa, kipindue kigezo, kitako kiende juu, chora tena, na uendelee hivyo. Ukanda wa kitenge wenye inchi 44 baada ya kuondoa miisho ya pembeni unatoa pembetatu 14. Ukiwa na vipande vidogo, weka kigezo juu ya kabari yako, hakikisha kitako kinafuata uzi, chora, kata kimojakimoja. Mkasi uwe wa kitambaa tu. Mkasi uliokatia karatasi au plastiki unatafuna, haukati.

Jambo moja bado kabla ya kushona. Robo inchi ya cherehani yako siyo lazima iwe robo inchi ya rula yako. Mguu wa cherehani hutofautiana, na wengi hushona kwa kufuata ukingo wa mguu. Kata kanda tatu za upana wa inchi 1 na nusu, ziunganishe sambamba, upige pasi, kisha upime ule wa katikati. Ukiwa inchi 1 kamili, endelea. Ukiwa chini, mshono wako ni mpana mno. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka sindano, ushone kwa kukifuata. Usilidharau jaribio hili. Kosa la 1/16 ya inchi halionekani kwa macho, lakini katika safu ya pembetatu 27 lina nafasi ya kujirudia mara 26, na safu inapungua karibu inchi 3 na robo tatu. Safu moja ikipungua na ya pili ikibaki, hakuna pasi itakayozipatanisha.

Sasa shona safu kwa safu. Unganisha pembetatu mbilimbili, kisha nne, kisha safu nzima, vitako vikipishana juu na chini. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kingo ndefu za safu, za juu na za chini, zote ni vitako vinavyofuata uzi, kwa hiyo safu ikikamilika imetulia na haivutiki tena. Mishono ifunguliwe kwa pasi pande zote mbili, isilazwe upande mmoja. Fundi wa nguo atashangaa, maana kwenye nguo mara nyingi tunalaza. Lakini hapa kila kituo kinakutanisha ncha sita, na ukilaza, matabaka yanarundikana mpaka sindano inavunjika. Masikio yakatwe kabla safu haijaunganishwa na safu nyingine.

Mpango wa rangi nauachia jicho la kila mtu, ila nina msimamo mmoja: panga giza na mwanga kwanza, rangi baadaye. Vitenge vyetu vina rangi nyingi ndani ya kipande kimoja, na ukivichanganya bila utaratibu pembetatu zinapotea, blanketi linakuwa vurugu. Tenga vipande vya giza upande huu na vya mwanga upande ule. Vya giza visimame, vya mwanga vipinduliwe, na umbo litajitokeza hata kama kila kipande kimetoka kwenye gauni lake. Shati jeupe la shule, likiwa la pamba, ni mwanga mzuri kuliko yote.

Ipo njia nyingine ya pembetatu, ya mraba uliogawanywa kwa mshazari, isiyohitaji kigezo. Kata miraba miwili ya inchi 4 na 7/8, mmoja wa giza na mmoja wa mwanga, ilaze uso kwa uso, chora mstari kutoka pembe hadi pembe, shona robo inchi upande huu wa mstari na robo inchi upande ule, kisha kata juu ya mstari. Unapata miraba miwili ya rangi mbili, kila mmoja inchi 4 na nusu, na ikishaunganishwa inabaki inchi 4. Ni njia ya haraka na mshazari wake unashonwa kabla ya kukatwa. Inafaa sana kwa mwenye vitambaa vya mita. Kwa mwenye kiroba cha makabari haimsaidii.

Viraka si jambo geni kwa watu wenye asili ya pwani hii ya Afrika. Kusini-magharibi mwa India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasidi, watu ambao mababu zao walivushwa bahari kutoka Afrika Mashariki, wengi wao wakipelekwa Goa na Wareno kutoka Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wanawake wao hushona blanketi la viraka liitwalo kawandi. Hawana kigezo wala cherehani. Wanaanzia ukingoni, wanazunguka kwa mshono wa mkono kuelekea katikati, wakipachika vipande vya sari na nguo kuukuu juu ya kitambaa cha chini. Pembeni kabisa, kwenye kona nne, wanaweka vipande vilivyokunjwa tabaka juu ya tabaka, vinaitwa phula, yaani maua. Kwao blanketi lisilo na maua hayo liko uchi, halijaisha. Mwaka 2011 kazi zao zilionyeshwa New York, katika kituo cha Schomburg. Ninawataja kwa heshima kubwa, na kwa sababu ya kona zile: hata mshonaji asiyetumia rula ana mahali ambapo hakubali kulegeza.

Tabaka za ndani zitegemee unaishi wapi. Nakapanya kuna joto, shuka kuukuu la pamba katikati linatosha. Songea mjini, kwenye baridi ya Juni na Julai, weka blanketi jembamba lililochakaa. Tandaza kitambaa cha chini, kisha tabaka ya kati, kisha uso wa viraka, ushikize kwa pini kutoka katikati kwenda nje, ushone kwa mkono ukifuata njia ya pembetatu. Zungushia ukingo kwa utepe.

Kwa kitanda cha futi tano kwa sita unahitaji safu 18 za pembetatu 27, jumla 486. Usianze na hilo. Anza na la mtoto mchanga, inchi 36 kwa 40: safu 10 za pembetatu 17, jumla 170. Nenda kwa fundi wako wiki hii, kabla hajakichoma kiroba, umwombe akutunzie vitenge vya giza na mashati meupe, na umpe kigezo kimoja cha plastiki naye ajaribu.